Ribiti za Liemba

Fundi wa vitu vya kale, kabla hajashika nyundo, ana swali la kujibu: niguse au nisiguse? Wakusanyaji wa bunduki za vita vya zamani hubishana sana juu ya kifyatulio. Kifyatulio cha bunduki ya jeshi kilifanywa kizito makusudi. Kidole huvuta kwanza ulegevu, hukuta ukinzani, ndipo risasi hutoka, ili askari anayekimbia na hofu zake asije akamuua mwenzake. Mlenga shabaha wa leo anakiona kero, anatamani kukipiga tupa kiwe chepesi. Akishakipiga, chuma kilichotoka hakirudi. Sisi wa Kigoma tunayo silaha kubwa zaidi ya kubishania: MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika iliyowahi kubeba mzinga wa vita.

Ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kisha ikafumuliwa na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yalishushwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Wajerumani watatu, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, waliiunga upya pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika ambao majina yao hayatajwi pamoja na ya hao watatu. Iliingia majini tarehe 5 Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen, jina la gavana wa Kijerumani aliyetawala wakati vita vya Maji Maji vilipozimwa kwa moto na njaa. Jina hilo lilifutwa baadaye, wala sijamsikia mtu akilililia.

Enzi hizo mabamba ya meli hayakuchomelewa, yaliunganishwa kwa ribiti. Mmoja anaipasha ribiti motoni mpaka iwe nyekundu, mwingine anaishika kwa koleo na kuiingiza tunduni, wa tatu anaikinga kwa nyuma, wa nne anaigonga kichwa kabla haijapoa. Ikipoa inasinyaa, na kusinyaa huko ndiko kunakoyabana mabamba. Ribiti iliyochelewa kugongwa huvuja. Ukiikaribia Liemba, pitisha jicho ubavuni uone vichwa vya ribiti safu kwa safu, kila kimoja kazi ya watu wanne waliokuwa wakikimbizana na ubaridi wa chuma.

Julai 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea na adui akiikaribia Kigoma, amri ilitoka meli izamishwe. Hapo mafundi wale watatu walionyesha ufundi ambao mimi nauweka juu ya ule wa kuijenga. Waliipaka mitambo grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha taratibu tarehe 26 Julai. Amri ilitimizwa. Lakini meli ilizama kwa namna ambayo mtu mwingine, siku nyingine, angeweza kuiopoa. Wabelgiji waliiinua baadaye, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza walipoiinua Machi 1924 na kuifungua, walikuta mitambo bado inafaa. Maji baridi ya ziwa nayo yalisaidia, maana chumvi ya bahari haina subira. Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Kwa hiyo anayetaka iachwe kama ilivyokuwa aseme kwanza: ilivyokuwa lini? Mzinga wake wa milimita 105, uliotoka kwenye manowari Königsberg iliyonasa katika delta ya Rufiji, uliondolewa vita vikiendelea, pakawekwa wa bandia, wa mbao, wa kutishia. Miaka ya 1970 injini za mvuke ziling'olewa, zikaja za dizeli. Mwaka 1993 ukafuata ukarabati mwingine kwa msaada wa Denmark. Wapenzi wa mvuke wanazililia injini zile, nami nawaelewa, ila sikubaliani nao. Mzinga mmoja wa Königsberg uko nje ya Fort Jesus, Mombasa, na kazi yake sasa ni kupigwa picha. Liemba iliyobadilishwa injini ndiyo iliyowarudisha kwao wakimbizi wa Kongo mwaka 1997, na ndiyo iliyotumwa Kagunga mwaka 2015 kuwachukua Warundi waliorundikana ufukweni, kati ya milima na ziwa, watu wapatao 600 kwa safari. Wavuvi wa dagaa nao, walipoanza kuziacha karabai na kuchukua taa za sola, hawakuulizwa kama wanaharibu urithi.

Kwenye ribiti ndipo ninapokataa. Injini ikichakaa, ing'olewe. Vyoo, taa, redio na majaketi ya kujiokolea vibadilishwe bila huruma, kwa sababu abiria wa Kasanga hasafiri katika jumba la makumbusho. Ubavu ni habari nyingine. Bamba likioza, njia rahisi ni kulikata na kuchomelea jipya. Tatizo ni joto: chuma kinachochomelewa kinatanuka kisha kinasinyaa, ribiti za jirani zinalegea, nazo unalazimika kuzichomelea, kisha zinazofuata. Unaanza na kiraka, unamaliza na meli nyingine. Na mkono wa kugonga ribiti ukikosa kazi kwa kizazi kimoja, hakuna kitabu kitakachourudisha.

Mkataba wa ukarabati mkubwa umeshatiwa saini. Kwa mafundi wa kazi hiyo, nina ombi. Palipokwisha kuchomelewa, chomeleeni. Penye ribiti, gongeni ribiti, na mgonge pamoja na vijana wa Kigoma ili wabaki na ujuzi mtakapoondoka. Kila bamba litakalotoka lipewe namba na lihifadhiwe hapa hapa, lisiuzwe kwa kilo kama chuma chakavu.