Kisu Kinachobakiza

Ukipanda bodaboda huku kwetu Rwamishenye, kofia ngumu italinda kichwa. Bandama, iliyojificha chini ya mbavu za kushoto, haina kofia. Utafiti wa madaktari wa Bugando, Mwanza, uliochapishwa 2012, ulionyesha kuwa majeraha mengi ya bandama waliyoyatibu yalitokana na ajali za barabarani, na wengi wa waliopasuliwa walitolewa bandama nzima. Siwalaumu. Damu ikishajaa tumboni, hakuna nafasi ya kuchagua cha kubakiza.

Uvimbe usio wa saratani ni habari nyingine. Kifuko cha maji au fundo la mishipa ya damu mara nyingi hugunduliwa kwa ultrasaundi, mgonjwa akiwa amekuja kwa miguu yake. Vingi huachwa vifuatiliwe tu. Kinachokua au kuuma ndicho huitiwa kisu, na hapo daktari ana muda wa kuwa fundi.

Mgonjwa hulazwa ubavu wa kulia, tumbo likajazwa gesi, kamera na vyombo vikapitishwa kwenye matundu ya milimita 5 hadi 12. Mshipa mkuu wa bandama hugawanyika kabla ya kuingia, na kila tawi lina eneo lake la kulisha. Mpasuaji hubana tawi linalolisha eneo lenye uvimbe, kisha anangoja. Taratibu upande ule hubadilika rangi, ukaiva weusi, na mpaka ukajichora wenyewe. Mwenye pupa angekata juu ya mstari. Fundi huingia kama sentimita moja ndani ya upande mweusi, ambako damu haiji tena. Ukiniuliza mimi, ubingwa wote umo kwenye sentimita hiyo.

Kipande hutiwa mfukoni humohumo tumboni, kikasagwa na kutolewa tunduni kidogo kidogo. Mfuko ukivuja, chembe za bandama zaweza kuota mahali pengine tumboni.

Kamera ndiyo inayosifiwa, lakini wazo la kukata sehemu tu ni la zamani kuliko kamera: Mbrazili Campos Christo aliandika kulihusu mwaka 1962, na Delaitre wa Paris hakutoa bandama kwa matundu madogo hadi 1991. Kabla ya wote, mwaka 1952, King na Shumacker wa Marekani walikuwa wameonya kuhusu watoto wachanga walioshambuliwa na maambukizi makali baada ya kutolewa bandama.

Onyo hilo lina uzito zaidi kwetu. Bandama huchuja chembe za damu zenye vimelea vya malaria, na wilayani Muleba ndiko vyandarua vyenye PBO, kiambata cha kuipa dawa nguvu, vilikojaribiwa kwa sababu mbu walishazoea dawa ya kawaida. Wapasuaji hujitahidi kubakiza angalau robo yenye mshipa ulio hai. Mwenye robo hiyo, mvua za masika zikianza Muleba, bado ana chujio.