James Blue, Mwalimu wa Filamu: "Kenya Boran" Ikitazamwa kutoka Kipkelion

Taazia ya mwalimu ni utanzu wenye hatari yake. Aghalabu mwandishi hummiminia marehemu sifa za tabia, kama vile upole, subira na ucheshi, hadi kazi aliyoifanya ikafunikwa na uturi wa sifa hizo. James Blue, Mmarekani aliyefariki mwezi Juni 1980 akiwa na umri wa miaka 49, ni miongoni mwa walimu wa filamu wanaokumbukwa kwa mapenzi. Makala haya yanamkumbuka kwa njia nyingine: kwa kuihakiki Kenya Boran, filamu aliyoitengeneza pamoja na David MacDougall na iliyotolewa mwaka 1974. Aidha, yanaihakiki kutoka Kipkelion, katika nchi ya Kericho, mbali sana na Marsabit ilikopigwa.

Blue alizaliwa Tulsa mwaka 1930, akasomea filamu mjini Paris. Filamu yake ndefu, Les Oliviers de la justice (1962), aliipiga Algeria wakati vita vya ukombozi vikiwa havijamalizika, akiwatumia zaidi watu wasiokuwa waigizaji wa kazi. Hata nafasi ya baba ilichezwa na Jean Pélégri, mwandishi wa riwaya iliyokuwa chanzo cha filamu. Baadaye alifanya kazi kwa idara ya habari ya serikali ya Marekani. Humo zilitoka The School at Rincon Santo, kuhusu wanakijiji wa Colombia wanaojijengea shule (Mkenya hatakosa kuitambua harambee), na The March (1964), kuhusu maandamano ya Washington ya mwaka 1963. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, ambako MacDougall naye alikuwapo.

Kenya Boran ni kisa cha akina baba wawili na wana wao. Kijiji kilichokuwa mbali na kila kitu sasa kimekaribiwa na mji na barabara mpya. Mvulana mmoja anachunga. Mwenzake wa rika moja yuko shuleni. Huyu wa shule hawezi tena kuwa mfugaji kama wenzake, na asipofaulu mtihani wa taifa hapati kazi. Wahusika wanazungumza Kiborana chao, na mtazamaji anawafuata kwa maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha. Mwaka huohuo wa 1974 ndipo ilipochapishwa Kichwamaji ya Kezilahabi, ambamo msomi Kazimoto anatengwa na jamii yake kwa elimu ileile aliyopewa, na mwisho anajiua. Riwaya inaifikisha hoja yake ukingoni. Filamu haifanyi hivyo. Inamwacha mvulana na mtihani mbele yake, na inawaonyesha wazee kama watu wanaopima na kuchagua. Hawawi mabaki ya zamani yanayosubiri kufagiliwa. Kwa hakika huu ni usawiri wenye heshima kubwa kwa wahusika wake, na si mara nyingi mfugaji wa kaskazini mwa Kenya amepata heshima hiyo, katika filamu au katika vitabu vya shule.

Hata hivyo, heshima hiyo haikuja kwa kukaa kando tu. MacDougall ameeleza katika maandishi yake kwamba watengenezaji walimtaka mhusika mmoja aibue mbele ya mwenzake suala la ushauri wa serikali kuhusu uzazi wa mpango. Majibu yalilipuka. Faida ya kuwa na watoto wengi ilitetewa kwa ukali na kwa mantiki ambayo hakuna hojaji ingeipata. Mbinu hii ni ya darasani: mwalimu anatupa swali, kisha ananyamaza. Anayedhani kwamba filamu ya namna hii huokota tu yaliyopo njiani hajauona mkono wa Blue.

Je, ikionyeshwa Kipkelion, filamu hii itasema nini? Kwa Wakipsigis pia ng'ombe alikuwa mahari, chakula na heshima. Kampuni kubwa za chai zilianza kupanda Kericho miaka ya 1920, na baba wa huku akalazimika mapema kuamua mtoto yupi abaki na mifugo, yupi aende shamba la chai, yupi ashike kitabu. Mtazamaji wa Kipkelion atauelewa ugomvi wa Marsabit bila ya kufafanuliwa. Lakini ataona na jambo la pili. Mji wake ulisomwa kwa miaka mingi kwenye kituo cha reli kama Lumbwa, jina ambalo Wakipsigis walipewa na wengine. Mtu aliyewahi kuitwa kwa jina la kupewa huuliza upesi ni nani anayetazama na ni nani anayetazamwa.

Swali hilo linaigusa Kenya Boran mahali penye kidonda. Filamu ilikuwa sehemu ya mfululizo wa Wamarekani uliohusu pia Bolivia, Afghanistan na Taiwan, uliokusudiwa kufundishia vyuoni. Waborana ndio somo. Mwanafunzi yuko kwingine. Hawa wawili walichagua cha kuuliza, walichagua pa kukata, na kamera ilirudi nao. Kumlaumu MacDougall kwa hili ni rahisi, na baadaye yeye mwenyewe ameliandikia sana suala la nani ana mamlaka juu ya picha. Kwa Blue shutuma ni nzito zaidi, kwa kuwa imani yake ya ualimu ilikuwa kinyume chake. Huko Houston alihimiza kamera nyepesi za Super 8 zifike mikononi mwa watu wa kawaida. Kwa kamera hizo alitengeneza Who Killed the Fourth Ward? (1978), kuhusu mtaa wa Wamarekani Weusi uliokuwa ukimezwa na maendeleo ya jiji. Humo yeye mwenyewe anaonekana kwenye picha akiulizauliza na kubabaika, mamlaka yake yakiwa wazi kwa kila mtu kuyapinga.

Huenda Marsabit ndiko alikojifunza haya; filamu zenyewe, zikitazamwa kwa mfuatano wa miaka, zinaelekea kusema hivyo. Ikiwa ni hivyo, basi wazee wa Kiborana wamo katika orodha ya walimu wa James Blue, nao hawajatajwa humo. Na yule mvulana wa shule, aliyekuwa akijua kusoma na aliyekuwa na hamu ya kazi, hakuna anayeonekana kumuuliza kama angependa kushika kamera.