Utaridi Imefukuzwa kwa Kosa la Pluto

Kuna vitabu viwili vinavyosimulia kesi moja, na nimevisoma kwa kufuatana. Cha kwanza ni The Pluto Files cha Neil deGrasse Tyson, kilichotoka mwaka 2009. Cha pili ni How I Killed Pluto and Why It Had It Coming cha Mike Brown, cha mwaka 2010. Kesi yenyewe mnaijua: Pluto ilikuwa sayari, ikavuliwa cheo. Nilivifungua nikidhani nakwenda kusoma habari za anga. Nimevifunga nikiwa na ugomvi na orodha ya sayari niliyokaririshwa shule ya msingi, na ugomvi wenyewe ni wa maneno. Ndiyo maana nauleta hapa, kwa watu wa maneno.

Nianze na Tyson. Yeye ni mkurugenzi wa Hayden Planetarium ya New York. Jengo lao jipya lilipofunguliwa Februari 2000, Pluto haikupangwa pamoja na sayari nyingine. Waliiweka kundi moja na magimba ya barafu ya Ukanda wa Kuiper, kule ng'ambo ya Neptune. Januari 2001 gazeti la New York Times likaiandika habari hiyo ukurasa wa mbele, na hapo moto ukawaka. Barua zikamiminika, nyingi za watoto wa shule waliokuwa na hasira kwelikweli. Barua hizo ndizo utamu wa kitabu. Udhaifu wake ni kwamba Tyson anacheka mno. Vikatuni, nyimbo, barua, vikatuni tena, mpaka kitabu kinakuwa kama albamu ya harusi ambayo hukualikwa. Lakini ana hoja moja nzito: acheni kuhesabu sayari kama mbuzi zizini, zipangeni kwa koo zao. Kuna ukoo wa miamba kama Dunia na Mirihi, kuna ukoo wa majitu ya gesi, na kuna ukoo wa barafu huko mbali. Ukishapanga hivyo, swali la "ni ngapi?" linapoa lenyewe.

Brown anaandika vizuri zaidi kwa sababu yeye ana cha kupoteza. Januari 2005, akiwa na Chad Trujillo na David Rabinowitz, aligundua gimba lililo mbali kuliko Pluto, ambalo wakati huo lilionekana kuwa kubwa kuliko Pluto yenyewe. Baadaye likaitwa Eris, jina la mungu wa Kigiriki wa ugomvi, na sidhani kama lingepatikana jina la kufaa zaidi. Sasa fikiria: kama Pluto ni sayari, basi Eris ni sayari ya 10, na Brown anaingia kwenye orodha fupi mno ya binadamu waliopata kugundua sayari. Agosti 2006 kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ilipendekeza sayari ziwe 12, Eris ikiwemo. Brown alikuwa anapewa cheo mkononi. Akakikataa. Alisema kama maana ya neno ni hiyo, basi neno limekufa, maana yatakuja magimba mengine kwa makumi na yote yatadai kiti.

Tarehe 24 Agosti 2006, mjini Prague, wanaastronomia 424 walipiga kura kati ya wanachama wanaokaribia 10,000. Wakaweka masharti matatu. Sayari lazima ilizunguke Jua, iwe na uzito wa kutosha kujifinyanga mviringo, na iwe imesafisha njia yake, yaani isiwe inapita humo pamoja na kundi la magimba yasiyo chini ya amri yake. Pluto ilifaulu mawili, ikaanguka la tatu. Ikaitwa sayari kibete, pamoja na Eris. Brown alikuwa Pasadena, California, akifuatilia kwa intaneti. Alipoteza sayari yake mwenyewe siku hiyo na akafurahi. Kurasa hizo ndizo bora za kitabu, hizo na zile anazomweleza binti yake aliyezaliwa Julai 2005, katikati ya vurugu lote, naye baba mtu akawa anachora grafu za kunyonya na kulala kwa mtoto. Nilitarajia sura za mtoto zinichoshe. Hazikunichosha. Ni mtu yuleyule, anapima kile anachokipenda.

Pale ninapokosana na Brown ni kwamba anaitetea kura ya Prague kwa moyo mweupe kuliko inavyostahili. Sharti la kwanza linasema lazima gimba lilizunguke Jua, Jua letu hili. Lakini tangu 1995, Michel Mayor na Didier Queloz walipotangaza dunia ile inayozunguka nyota ya 51 Pegasi, tumeshajua zipo sayari za nyota nyingine, na leo zinahesabiwa kwa maelfu. Kwa maandishi ya Prague, hata moja kati ya hizo si sayari! Maana ya neno inayoacha nje karibu kila kitu kinachoitwa kwa neno hilo ina kasoro, hata kama iliandikwa na wataalamu.

Ila hata mimi nikisema hivyo bado nimo ndani ya mjadala wa hao wawili. Wote wanaamini neno lipo salama, kilichobaki ni kubishania mpaka wake. Kwetu sisi tunaosoma kwa Kiswahili tatizo lilianza mapema zaidi, nami nililigundua kwa aibu.

Mwaka 2006 nilikuwa sekondari. Redio ilitangaza habari za Pluto, mimi nikazibeba mbio kwa babu yangu mzaa mama, Pangani. Babu alikuwa mtu wa falaki, wa ile daraja ya chini: hakuwa mganga, ila alikuwa akitazama saa kabla ya kufunga safari au kuanza kujenga. Nikamwambia, "Babu, Utaridi siyo sayari tena, wazungu wameifuta." Redio ilisema Pluto. Utaridi niliitia mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Babu akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Basi Jumatano mmeipeleka wapi, mjukuu wangu?"

Nilicheka. Nilidhani mzee hajaelewa. Imenichukua miaka, na vitabu viwili vya Wamarekani, kujua kwamba asiyeelewa nilikuwa mimi.

Hebu tuisome orodha ile ya darasani kama tunavyosoma maandishi mengine. Wengi mliosoma shule za msingi Tanzania mtaikumbuka: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mars, Sumbula, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Tisa, kwa mpangilio wa kutoka kwenye Jua. Inateleza mdomoni vizuri sana. Sasa ipeleke kwa mtu wa falaki. Utaridi, kwa Kiarabu na kwa falaki ya pwani yetu tangu zamani, ni ile sayari iliyo karibu kabisa na Jua. Orodha imeichukua ikaitupa mwisho wa safu, mahali pa Pluto. Pale mwanzo ilipotoka pakawekwa zebaki, ambayo ni madini ya kwenye kipimajoto. Aliyetafsiri alilikuta neno la Kiingereza lenye maana mbili akashika isiyohusika. Zohali ni ile yenye pete, lakini orodha imeisogeza nafasi moja mbele, ikawa Uranus. Mshtarii haipo kabisa. Nafasi yake imepewa Sumbula, nayo si sayari: ni buruji, ile ya Mashuke. Sarateni ni buruji ya Kaa, ndugu wa saratani hii ya hospitalini. Kausi ni upinde, buruji ya Mshale. Yaani kati ya sayari tisa, tatu ni majina ya buruji, mbili zimehamishwa makwao, na moja ni madini.

Na Jumatano je? Hapo ndipo swali la babu lilipokuwa na mizizi. Katika hesabu ya falaki sayari ni saba, kwa maana ya kale ya vitu vinavyotembea kati ya nyota zilizotulia. Ukizipanga kutoka ya pole kwenda ya mbio unapata: Zohali, Mshtarii, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi. Dunia haimo, kwa sababu ndipo tunaposimama kutazamia. Kila saa ina mwenyewe, kwa zamu. Saa ya kwanza ya Jumamosi, jua linapochomoza, ni ya Zohali. Hesabu saa 24 kwa zamu hiyo: saba mara tatu ni 21, zinabaki tatu, kwa hiyo saa ya kwanza ya kesho yake inaangukia hatua tatu mbele, kwa Jua. Jumapili. Hatua tatu tena, Mwezi. Jumatatu. Tena tatu, Mirihi. Jumanne. Tena tatu, Utaridi. Jumatano. Endelea na Mshtarii kwa Alhamisi na Zuhura kwa Ijumaa, unarudi kwa Zohali.

Ukitia ya nane, mashine inakufa. Nane inagawa 24 bila baki, kwa hiyo kila siku ingeanza na nyota ileile, na wiki nzima ingekuwa ya mwenyewe mmoja. Ukitia ya tisa, zamu zingezunguka kwa nyota tatu tu, sita nyingine zisipate siku milele. Kumbe saba ile haikubaki kwa sababu wazee walikosa darubini. Ilibaki kwa sababu hesabu nzima imejengwa juu yake, kama mizani ya shairi: ukiongeza silabi, hujaboresha, umevunja.

Simaanishi kwamba falaki inasema kweli juu ya bahati yangu. Siamini hivyo, na babu alijua siamini. Nasema tu neno "sayari" lina kazi mbili tofauti katika nyumba mbili. Kwa mwanaastronomia linapanga magimba kwa umbo na tabia, kwa hiyo lazima libadilike magimba mapya yakipatikana. Ceres iligunduliwa tarehe 1 Januari 1801 na Giuseppe Piazzi huko Palermo, ikaitwa sayari kwa karibu nusu karne, kisha ikashushwa baada ya wenzake wengi kuonekana. Pluto iligunduliwa na Clyde Tombaugh mwaka 1930, ikakaa na cheo miaka 76, wakati yenyewe inahitaji miaka 248 kulizunguka Jua mara moja. Ilivuliwa cheo kabla ya kumaliza hata theluthi ya mzunguko. Kwa mnajimu, sayari ni nafasi katika mfumo, haina habari na kipenyo. Wanajimu wa Magharibi waliongeza Uranus, Neptune na Pluto kila zilipopatikana, wakaipa Pluto buruji ya Nge iliyokuwa ya Mirihi, na baada ya Prague hawakuiondoa. Kwa falaki ya pwani mambo yako mbali zaidi na darubini. Ukienda kutafutiwa nyota yako, unaulizwa jina lako na la mama yako, herufi zinahesabiwa kwa abjadi, jumla inapunguzwa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo buruji yako. Hapo hakuna aliyetazama juu. Nyota yako ni herufi zako.

Kwa hiyo nyumba hizi mbili zingeweza kuishi jirani bila kugombana. Orodha ya darasani ndiyo iliyoziingilia zote: ilichukua maneno ya nyumba ya falaki bila kuuliza yalikuwa yakifanya kazi gani, ikayabandika kwenye nyumba ya sayansi kama vibao vya milango. Pluto ilipoanguka Prague, sisi tuliosoma orodha hiyo tuliifukuza Utaridi, ambayo haikuwa na kosa lolote na ambayo, kwa masharti yote matatu, ni sayari halali.

Mtu ataniambia lugha ni ya wanaoitumia, na kizazi kizima kinasema Zohali kikimaanisha Uranus, sasa mimi ni nani? Hoja hiyo inaniuma, kwa sababu ndiyo ya wale watoto waliomwandikia Tyson. Nao walikuwa wanatetea walichokariri. Jibu langu ni kwamba Prague iliwanyima watoto jambo moja lakini ikawapa sababu, na Brown ametumia kitabu kizima kuieleza. Sisi hatukupewa sababu yoyote. Vitabu na ramani nyingi za anga za Kiswahili siku hizi zinaandika Utaridi mwanzo, Mshtarii na Zohali mahali pake, na Uranus na Neptune kwa majina yao ya ugenini. Ni sahihi, nami naunga mkono. Ila mabadiliko hayo yamepita kimyakimya, na mzazi aliyekariri Kausi anamsahihisha mtoto aliyeandika Neptune, kila mmoja akidhani mwenzake hakusoma.

Someni Brown kwanza, kwa ajili ya namna mtu anavyoweza kubisha dhidi ya faida yake mwenyewe. Tyson mfungueni kwenye barua za watoto. Kisha mkamtafute mzee mmoja wa falaki kabla hawajaisha, mumwombe awahesabie saa za siku. Wangu ameshatangulia, na sikuwahi kumrudia na jibu. Lingekuwa fupi tu: Jumatano ipo palepale, babu. Ni mimi niliyekosea jina.