Nusu Mililita: Uchambuzi wa Dawa ya Pumu Ivutwayo kwa Mashine

Katika nchi iliyo baina ya Kitale na Bungoma, chini ya Mlima Elgon, mwenye pumu huijua miezi ya mwisho wa mwaka kwa kifua chake kabla ya kuitazama kalenda. Kwani ndipo mahindi yapukuchuliwapo na vumbi la magunzi likatanda uani, moshi wa kuni ukajaa katika majiko yasiyo na dohani, na baridi ya alfajiri ikaushukia mji wa Kitale, ulio takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. (Wazee wa Webuye wangeongeza harufu ya kiwanda cha karatasi kilichofungwa mwaka 2009, nao wana haki ya kuongeza.) Mtoto aletwapo hospitalini usiku, mbavu zikididimia kwa kila pumzi, jambo la kwanza aliombalo mama yake ni mashine, na mashine hiyo, nebulaiza, imepata heshima ambayo, kwa maoni yangu, nusu yake ilistahili mkono uipimao dawa.

Amali yake si ya ajabu. Kompresa husukuma hewa ipite kwa kasi katika kitundu chembamba kilicho chini ya kikombe, dawa ikavutwa juu na kupasuliwa kuwa matone, na matone makubwa yakagonga kizuizi na kurejea kikombeni, hata yakasalia yale madogo ya maikromita 1 hadi 5, ambayo ndiyo pekee yawezayo kuteremka mpaka katika mirija myembamba ya pafu. Hakuna moto wala mvuke wa maji ya kuchemka. Ni ukungu baridi, na aghalabu sehemu ifikayo pafuni haizidi sana moja katika kumi ya dawa iliyotiwa.

Dawa itumiwayo zaidi ni salbutamoli, iliyopatikana mwaka 1966 na wanakemia wa Allen & Hanburys huko Ware, Uingereza, wakiongozwa na David Jack, ikaanza kuuzwa mwaka 1969. Kabla yake ilitumika isoprenalini, iliyofungua kifua na papo hapo kuuharakisha moyo, na katika miaka ya 1960 vifo vya wenye pumu viliongezeka Uingereza kwa kadiri iliyowatia matabibu hofu kubwa. Kwa hiyo suala la kipimo si wasiwasi wa wauguzi. Limefuatana na tiba hii tangu zamani.

Basi na tukitazame kipimo. Salbutamoli ya mashine huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni kichupa kidogo cha plastiki cha mgonjwa mmoja, chenye miligramu 2.5 ndani ya mililita 2.5, ambacho huvunjwa shingo na kumiminwa kama kilivyo. Ya pili ni chupa ya mililita 20, ambamo kila mililita ina miligramu 5. Na hapa mtoto ahitajiye miligramu 2.5 hupewa nusu mililita tu, ivutwayo kwa bomba dogo la sindano, kisha ikaongezwa maji safi ya chumvi ya hospitalini hata jumla ifike mililita 3 au 4. Ayachanganyaye mawili haya, akavuta mililita 2.5 kutoka katika chupa kubwa, amempa mtoto mara tano ya haki yake: mikono itatetemeka, moyo utakwenda mbio, na potasiamu itashuka katika damu. Wala kuongeza maji ya chumvi si desturi tupu, maana takriban mililita moja hubaki imeganda chini na kandoni mwa kikombe isitoke kamwe, hivyo nusu mililita peke yake ingebaki karibu yote humo. Maji ya bomba hayafai kuwa badala, hata yakichemshwa, kwa kuwa maji matupu yakivutwa kama ukungu yaweza yenyewe kuibana mirija.

Barakoa sharti ikae usoni barabara, mtoto akiwa ameketi wima. Ikishikwa mbali kidogo kwa kumhurumia, ukungu huenda dirishani. Dakika 5 hadi 10 zatosha, na kikombe kikianza kukoroma hugongwa kwa kidole ili matone ya kandoni yashuke. Shambulio likiwa kali, ni bora mashine isukumwe kwa oksijeni ya mtungi, lita 6 hadi 8 kwa dakika, kwa sababu salbutamoli yenyewe huweza kuipunguza oksijeni ya damu kwa muda. Mwongozo wa tiba ya watoto nchini Kenya huruhusu kurudia kila dakika 20, hadi mara tatu, pamoja na prednisoloni ya kupoza uvimbe. Na mtoto asiyeweza kusema, au aliyebadilika midomo kuwa buluu, au ambaye kifua kimenyamaza ghafla, hana nafasi ya kungojea nyumbani.

Baada ya kazi, kikombe na barakoa huoshwa, hukaushwa kwa hewa, wala havihamishwi kwa mgonjwa mwingine bila kutakaswa, kwani unyevu uliobaki hulea bakteria, na zamu ifuatayo mashine huwapeleka pafuni moja kwa moja.

Na umeme ukikatika? Hapo hutumika inhela, kikebe kidogo cha mkononi kipulizacho dawa ileile bila mashine, pamoja na spesa, chombo kiushikacho ukungu hadi mtoto auvute. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la Lancet kwamba chupa ya soda ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitakoni kwa kiasi cha mdomo wa inhela na kuzibwa pembeni isivuje, iliwafungua watoto vifua sawa na spesa ya dukani, hali kikombe cha plastiki nyepesi kilishindwa. Mimi naipendelea chupa hiyo kuliko mashine, ila kwa mgonjwa aliyezidiwa. Huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke bila kufutwa, ili dawa isinase kwenye plastiki. Kisha inhela hutikiswa, hubonyezwa mara moja, mtoto akavuta pumzi tano au sita za kawaida, ndipo ikabonyezwa tena.