Si kila mwana aliye peke yake ni yatima

Majuzi nilikuwa nimeketi sebuleni na shemeji yangu, mfugaji kutoka Taita Taveta, tukitazama taarifa ya habari ya jioni. Mwanahabari alikuwa amesimama kando ya shamba la mahindi. Nyuma yake kijana mmoja alikuwa amempakata mtoto wa swala, miguu ikining'inia. "Ndama hiyo," akasema mwanahabari, "ilitelekezwa na mamake na imeokolewa na wanakijiji."

Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikaurukia upatanisho. "Ndama huyo! Alitelekezwa! Ameokolewa!" Shemeji akaniangalia kwa upole. "Shemeji, hiyo haijaachwa," akasema. "Hiyo ilifichwa. Sasa mamake akirudi atapata nini?"

Nusura nimsahihishe na yeye, kisha nikanyamaza. Sarufi yake ilipinda pale pale ilipopinda ile ya mwanahabari, ila neno lake lilikuwa la kweli. Mimi nilikuwa nimeshika viambishi, kosa kubwa likanipita.

Hebu tulitazame kosa hilo. Swala na pongo wakishazaa, mama humlaza mtoto kwenye nyasi ndefu au kichakani, kisha huenda zake malishoni. Mtoto hana harufu kali, na hulala tuli hata mtu akimkaribia. Mama hurudi mara chache tu kwa siku kumnyonyesha, kwa sababu akishinda karibu naye atawaonyesha fisi na mbweha mahali alipo. Duma na chui nao huwaficha watoto wao wanapokwenda kuwinda. Kwa hivyo utulivu ule tunaoudhania kuwa ni unyonge wa mtoto aliyeachwa ndio ulinzi wake.

Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kupambanua hali hizi. Aliyepotea hajui njia ya kurudi kwao. Aliyetenganishwa na kundi ametiwa mbali nalo na jambo fulani, kama mafuriko, ua au kelele za watu. Aliyefichwa yuko hasa pale mamake alipotaka awe. Yatima amefiwa. Aliyetelekezwa ameachwa na mtu aliyepaswa kumtunza, tena kwa kujua.

Kutelekeza ni kitenzi chenye lawama ndani yake. Ndicho tunachokitumia kwa baba aliyehepa watoto wake, na kwa barabara iliyosahauliwa na serikali ya kaunti. Mtazamaji akisikia "ametelekezwa", mama ameshahukumiwa, na yeyote mwenye mikono ya kumbeba mtoto ameshakuwa shujaa. Hakuna anayeuliza tena kama mama yuko hapo vichakani, akingoja watu waondoke.

Matokeo yake si ya lugha tu. Mtoto hubebwa nyumbani, akapewa maziwa ya ng'ombe yanayoweza kumharisha hadi afe. Akipona, hukua bila kuwaogopa mbwa na watu, wala hajui maisha ya porini. Isitoshe, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyamapori bila kibali. Kijana yule wa shamba la mahindi alitenda kwa huruma, na hakuna aliyemwambia kuwa huruma yake ilimpokonya mama mtoto wake.

Neno "yatima" nalo tunalitumia ovyo. Kule Samburu, wakati wa kiangazi, wafugaji huchimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka. Ndovu nao huja kutafuta maji humo, na wadogo wao wakati mwingine hutumbukia. Ndama aliyetumbukia ana mama, ana mama wadogo, ana kundi zima. Kituo cha Reteti, kilichofunguliwa 2016 katika hifadhi ya jamii ya Namunyak, hujaribu kumrudisha kwao kwanza. Kumlea kituoni huja pale jitihada hiyo inaposhindikana. Sasa mwandishi anapoandika "ndovu yatima aokolewa kisimani" ilhali kundi liko mita chache kutoka hapo, amemuua mama kwa kalamu.

Kuna yatima wa kweli, nao wanahitaji neno hilo libaki na uzito wake. Mnamo 1956, George Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemrukia kaskazini mwa Kenya, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu. Mmoja wao ni Elsa, aliyekuja kupata umaarufu duniani. Huyo alikuwa yatima bila shaka. Lakini tukisema tu kwamba Adamson "alimwokoa" Elsa, tunaficha ni nani aliyemfanya yatima.

Tena kumlea mnyama aliyefiwa si kazi ya huruma peke yake. Daphne Sheldrick alihangaika miaka mingi kupata maziwa yanayomfaa ndama wa ndovu, kwa kuwa mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayamfai. Katika miaka ya 1970 alimlea ndama aitwaye Aisha. Aliposafiri, Aisha alidhoofika akafa, kwa kuwa alikuwa amemzoea yeye tu. Somo hilo ndilo lililowafanya walezi wa kituo chao cha Nairobi wapokezane zamu za kulala na ndama, asije mmoja akamganda mtu mmoja.

Huenda msomaji akasema: kwani tukae tukichambua vitenzi huku mnyama akifa? La. Akiwa amejeruhiwa, amenasa, au mzoga wa mamake uko karibu, wapigie simu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) papo hapo. Lakini asipokuwa na dalili hizo, rudi nyuma, wazuie mbwa na watoto, uangalie kwa mbali, na bado uwaarifu KWS.

Kwa wahariri, nina pendekezo dogo. Mpaka ijulikane mama yuko wapi, andikeni "amepatikana akiwa peke yake". Hicho ndicho mwandishi alichokiona kwa macho. Mengine ni kubahatisha.

Na sisi walimu tusijitoe katika lawama. Tumewakaririsha wanafunzi kuwa mtoto wa simba ni shibli na wa sungura ni kitungule, wakapata alama zao. Hatujawauliza hata siku moja tofauti ya mwana aliyefichwa na aliyetelekezwa. Nitaendelea kusahihisha "ndama hiyo", kazi ni kazi, lakini kwanza nitauliza mamake yuko wapi.