Kabila, Raia na Mwananchi: Tahakiki ya Msamiati wa Utaifa

Mwezi wa Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 la nchi. Wengi walishangilia; mhakiki wa lugha hana budi kusita. Neno kabila hudai nasaba moja, ilhali katika maduka ya Mtaa wa Biashara na makazi ya Parklands na Westlands mna Wagujarati, Wapunjabi na Wagoa, wenye lugha na dini mbalimbali. Wakoloni waliigawa Nairobi kwa rangi. Tangazo hili limeuvisha mgawo huo joho la nasaba.

Raia nalo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mtu anayetawaliwa. Lililo bora ni mwananchi. Lakini wasemaji wengi hulitenga na Mhindi, kana kwamba mtu hawezi kuwa yote mawili. Maisha ya Pio Gama Pinto, Mgoa aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927, akatiwa kizuizini na wakoloni mwaka 1954, akauawa Westlands mwaka 1965, yanaikanusha dhana hiyo.

Uana wa nchi huthibitishwa kwa haki na wajibu, si kwa orodha ya makabila. Watungaji wa kamusi na vitabu vya shule wauzingatie ukweli huu.