Bei Hufundishwa Mwisho

Ukiingia Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hasa pale unapokutana na Likoma, maduka ya simu hayahesabiki kwa macho. Fremu imebanana na fremu, kaunta za vioo zimesogezwa hadi mlangoni, na ndani ya kila kaunta zimepangwa simu zilezile: Tecno, Infinix, itel, Samsung, Redmi, iPhone mpya na za mtumba. Bei ya duka hili na ya jirani hupishana kwa elfu tano au elfu kumi. Mteja asiporidhika, mlango mwingine uko hatua tatu mbele. Kwa hali hiyo, kitu pekee ambacho duka linacho na jirani hana ni mtu aliyesimama nyuma ya kaunta. Mtu huyo hakuzuka tu. Kuna aliyemfundisha, kwa miezi, bila ubao wala cheti, huku biashara ikiendelea.

Napenda kuwatazama walimu hawa kazini, na heshima yangu kwao inazidi. Kazi yao haina cheo. Dukani huitwa tu dada, au kaka, au "yule mkubwa". Ndiye anayebaki na funguo bosi akisafiri Guangzhou au Dubai kufuata mzigo. Kampuni za simu nazo zina mafunzo yao: promota huvalishwa fulana, huelezwa sifa za toleo jipya, kisha hupangiwa duka la kusimama. Mafunzo hayo yana faida yake, ila yanaishia kwenye simu. Dada anafundisha duka zima, na ana mpangilio wake. Yanayoleta pesa huja mwishoni. Yasiyolipa ndiyo huanza.

Kijana anayeletwa dukani, mara nyingi mdogo wa mtu au mtoto wa jirani aliyemaliza kidato cha nne, huja akiamini kwamba kuuza ni kuongea. Amewaona mawinga barabarani wakimdaka mpita njia, wakimwita bosi, wakimsindikiza fremu kwa fremu mpaka anunue. Anadhani na yeye ameitiwa hayo. Dada hambishii. Anampa kitambaa.

Kufuta simu asubuhi ni somo la kwanza, na ni somo kweli. Kila simu inapita mkononi mwake, na kila inapopita dada anauliza bila kugeuka: "Hiyo ina GB ngapi? Laini mbili au moja? Inachajiwa kwa tundu gani?" Wiki chache za kitambaa zinampa kijana ujuzi ambao karatasi ya sifa haiwezi kumpa. Anajua ipi nzito, ipi inateleza, ipi ina kitufe cha kuwashia upande ambao mtu mwenye kiganja kidogo atapata shida kuufikia. Mteja akiuliza, mkono wake unakwenda kwenye simu kabla mdomo haujafunguka.

Kisha huja namba. Kila simu ina IMEI, tarakimu 15 za kuitambulisha: nane za kwanza zinaonyesha aina ya simu, na ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia. Simu ya laini mbili huwa nazo mbili. Ukibonyeza *#06# zinajitokeza kwenye kioo, na lazima zifanane na zilizoandikwa kwenye boksi. Dada huchanganya simu za maonyesho na maboksi yake, akamwambia kijana arudishe kila moja nyumbani kwake. Zoezi linaonekana la kitoto mpaka uelewe madhara ya kukosea. Garantii hufuata IMEI. Mteja aliyepewa simu sahihi katika boksi la nyingine atarudi baada ya miezi minne na kuambiwa karatasi zake si za simu aliyoishika. Na wakongwe wa mtaa hawajasahau Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipozizima simu bandia zisiingie tena mtandaoni. Tangu wakati huo mteja mjanja hutuma IMEI kwenda 15090 akiwa bado kaunta, pesa ikiwa mfukoni. Kijana hufundishwa asisubiri kuombwa. Amtajie mteja namba hiyo mwenyewe, amwache ahakikishe.

Pale ninapopenda kusimama muda mrefu ni kwenye protekta. Kubandika protekta ya kioo ni kazi ya dakika mbili, na Kariakoo, yenye vumbi lake, ni mahali pagumu pa kuifanya. Kwanza feni inazimwa, maana upepo ndio unaoleta vumbi. Kioo cha simu kinafutwa kwa kitambaa chenye maji, kikafutwa kwa kikavu, kisha utepe wenye gundi unapitishwa taratibu kuokota chembe zilizobaki. Simu inainamishwa kwenye mwanga, maana ukiitazama wima huoni kitu. Ganda la protekta linabanduliwa, tundu la spika linalinganishwa na spika ya simu, na protekta inaachiwa ishuke yenyewe. Hapo ndipo vijana wote hukosea. Wanabonyeza kingo, wanafungia viputo ndani, halafu wanavikimbiza kwa kidole huku na huku. Mkono uliofunzwa unagusa katikati mara moja na kungoja. Gundi inatembea yenyewe hadi pembeni, na hewa inatoka mbele yake.

Kijana hujifunzia kwenye simu mbovu zilizochukuliwa kwa fundi. Dada haelezi sana. Akiona chembe moja chini ya kioo, anabandua, anampa protekta nyingine kutoka kwenye rundo la bei rahisi, anaendelea na wateja wake. Rundo likipungua bosi atalalamika, na dada atamjibu yeye. Hii ndiyo ada ya shule, na anayeilipa si mwanafunzi. Faida yake inazidi protekta yenyewe. Kwa dakika hizo mbili mteja hana la kufanya ila kutazama mikono ya muuzaji. Akiiona haina haraka wala wasiwasi, ataamini na maneno yatakayofuata.

Baada ya mikono ndipo masikio. Swali la kijana mgeni kwa kila mteja ni "Una shilingi ngapi?" Dada hulipiga marufuku kabisa. Linamfanya mwenye kidogo aone haya, na mwenye nyingi ajihadhari. Badala yake kuna maswali mawili: "Sasa hivi unatumia simu gani? Inakusumbua nini?" Halafu kunyamaza. Mteja atasema inaganda, au chaji haikai, au imejaa, na kila lalamiko lina tiba yake. Dereva wa bodaboda anayepokea abiria kwa programu anahitaji betri ya siku nzima na kioo kinachosomeka juani. Mkulima aliyekuja mjini kutoka kijiji chenye umeme wa kubahatisha huenda simu janja si jibu lake. Kitochi cha batani kinachokaa na chaji siku kadhaa kitamfaa zaidi. Anayeishi mahali ambapo 5G haijafika hana sababu ya kuilipia leo.

Na huyu aliyesema imejaa? Dada humwambia kijana afungue simu ya mama huyo mbele yake na kutazama. Mara nyingi ni video za magrupu ya WhatsApp zimelundikana. Zikifutwa kwa ruhusa yake, simu inapumua, na mama anaondoka hajanunua kitu. Kijana anamtazama dada kama vile pesa imedondoka barabarani. Dada haoni hasara yoyote. Mama amejua duka ambalo halikumdanganya, na simu ile itachakaa kweli siku moja.

Ukweli una mtihani wake mgumu zaidi kwenye maboksi. Simu nyingi za bei ya kati siku hizi huandikwa RAM ya GB 8, na kwa maandishi madogo 4+4. Nne ni za kweli. Nne zimeazimwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia, nazo ni za mwendo wa pole. Kijana lazima aweze kulieleza hilo kwa maneno ambayo mtu wa kawaida ataelewa, bila kumfanya ajione mjinga na bila kuichafua simu ambayo, kwa bei yake, ni nzuri. Nimemsikia muuzaji mzuri akisema: "Nne ni zake, nne kakopa." Mteja alicheka, akaelewa, akanunua.

Kuna na adabu ya kujua unaongea na nani. Mzee akija na mjukuu, mjukuu ndiye atakayeuliza kamera ina megapikseli ngapi, na muuzaji mchanga atavutwa huko kwa sababu lugha yao ni moja. Dada atakohoa kidogo. Shikamoo ilikuwa ya mzee, basi na maelezo yawe ya mzee: maandishi yanaweza kukuzwa hivi, mlio unaweza kupandishwa hivi, mpigie mjukuu hapahapa tusikie. Simu anakabidhiwa mkononi. Muuzaji hashiki upande wa pili kana kwamba anaogopa itakimbia.

Mauzo yakikamilika, kijana anadhani kazi imeisha, kumbe imefika nusu. Boksi limefunguliwa na mteja mwenyewe, laini imeingizwa, sasa namba zake zihame kutoka simu ya zamani. WhatsApp nayo ihame na mazungumzo yake, maana humo mna risiti, picha za msiba, sauti za mtu ambaye huenda hayupo tena. Akaunti ya Google inadai nenosiri ambalo mteja alitengenezewa na fundi miaka mitano iliyopita. Hapa kijana anafundishwa mambo mawili yasiyo na mjadala. La kwanza, asimtengenezee mteja akaunti kwa haraka na kuondoka na nenosiri kichwani. Mteja aliandike mwenyewe, alitunze mwenyewe. Siku akiifuta simu yote kupitia vitufe, itadai akaunti ileile kabla ya kufunguka, na asiyeikumbuka atabaki na kipande cha kioo. La pili, mteja anapoingiza PIN ya M-Pesa, muuzaji anageuza uso. Si kuangalia chini, ni kugeuza uso kabisa, mteja aone kwamba umegeuza.

Kazi hizi hazina kamisheni. Zinakula nusu saa wakati wateja wengine wanapita nje na mawinga wanaita. Mwenye tamaa ya haraka angemwambia mteja apeleke kwa fundi. Lakini ndizo zinazomtengeneza muuzaji, kwa sababu ndizo zinazomwonyesha watu wanafanyia nini simu baada ya kuzinunua. Aliyehamisha namba za watu mia anajua kuuza kuliko aliyekariri sifa za simu mia. Anajua kwamba mama lishe ana madaftari yake yote ya mikopo kama picha kwenye simu, hivyo atamuuliza kuhusu nafasi ya kuhifadhia kabla hajaulizwa.

Ndipo, mwisho kabisa, bei. Kwa miezi kijana alijua bei ya kutaja tu, hakujua bei ya mwisho. Mteja akimbana alijibu, "Ngoja nimuulize dada." Alidhani hajaaminiwa. Siku anapoambiwa ndipo anaelewa: asiye na uzoefu akijua mwisho uko wapi, hukimbilia hukohuko mteja anapokunja uso. Sasa anafundishwa kutaja bei na kufunga mdomo. Anafundishwa kuongeza kabla ya kupunguza, atoe kava, atoe protekta, akijua thamani ya mkono wake kwenye protekta hiyo. Anafundishwa kutoicheka bei ndogo ya mteja, kwa kuwa aliyetaja laki na nusu kwa simu ya laki tatu huenda ametaja alichonacho. Akiletwa na winga, kijana ajue riziki ya winga imo ndani ya bei, na asiseme neno mbele ya mteja litakalomuumbua. Akishalipwa, risiti ya EFD itoke bila kudaiwa, na mteja aambiwe kabla hajaondoka kwamba kioo kilichopasuka na maji yaliyoingia havimo kwenye garantii.

Kijana aliyepitia hayo yote ana thamani, na mtaa mzima unalijua hilo. Duka la pili litamwita kwa mshahara mkubwa zaidi, au atakusanya mtaji na kuchukua fremu yake, pengine mtaa huohuo. Dada analijua hilo tangu siku ya kitambaa, na hafundishi nusu kwa ajili hiyo. Ukimuuliza sababu, hatakupa maneno makubwa. Atakwambia hakuna duka la Aggrey lenye kila simu kila siku. Mteja akitaka rangi ya bluu na bluu imeisha, mtu anatumwa mbio kwa jirani kuichukua kwa mali kauli, na ni afadhali jirani huyo awe mtu ambaye boksi lake huhitaji kulifungua ili kuhakikisha IMEI.